Swichi ya Njia Nne kwenye Gitaa la Shemeji

Watu waliokuwepo uwanjani siku ile, wale wachache waliobaki, mpaka leo wanasema shemeji yangu alirogwa na bendi ya Mwanza. Nimewasikia kwenye misiba na nimewasikia kwenye mabasi, na kwa miaka mingi nimekuwa nikinyamaza kwa sababu kubishana na watu wa namna hiyo kunanipandisha hasira bure. Hakurogwa. Aliuawa na waya usiozidi urefu wa kidole, na waya huo niliutia mimi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, inaelekea ukingoni. Nilikuwa fundi umeme msaidizi kwenye mgodi mmoja mdogo wa dhahabu upande wa Geita, mgodi ambao umeshafukiwa zamani na sasa watu wanachunga mbuzi juu yake. Kazi niliisomea Shinyanga mjini, miaka minne, kwa Mhindi mmoja aliyekuwa na duka la kutengeneza redio karibu na stesheni. Niliondoka kwake nikijiona nimemaliza. Kule mgodini kila kitu chenye waya kilikuwa changu, kuanzia taa za ofisi hadi pasi ya mke wa meneja, na mtu akizoea kuitwa fundi asubuhi na jioni, kichwa chake kinakuwa kikubwa. Changu kilikuwa kikubwa.

Shemeji yangu, mume wa dada, alifanya kazi chini ya ardhi kwenye mashine ya kutobolea mwamba. Dada alinizidi miaka sita. Alibaki kijijini Ibadakuli na watoto wawili, akilima pamba, na mumewe alirudi nyumbani kila alipopata likizo. Kambini tulikaa chumba kimoja, mimi na shemeji. Alikuwa mtu wa mzaha, mwenye mikono mikubwa iliyojaa makovu ya mawe, na usingeamini mikono ile inaweza kufanya kile ilichokuwa ikifanya kwenye nyuzi za gitaa. Nilimpenda kuliko nilivyowapenda ndugu zangu wa kuzaliwa. Nalisema hili mapema, maana yanayofuata hayatamfanya mtu aliamini.

Gitaa lake lilikuwa la umeme. Alilinunua kwa Mkongo mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na kwa wakati ule sidhani kama yalikuwepo mengine matatu kati ya Shinyanga na ziwa. Lilikuwa na sumaku mbili za kunasa sauti chini ya nyuzi. Moja ilikuwa karibu na shingo, nayo hutoa sauti nene. Nyingine ilikuwa karibu na daraja, pale nyuzi zinapokalia mwishoni, nayo hutoa sauti kali. Tatizo ni kwamba zilikuwa zimeungwa pamoja moja kwa moja, hakuna cha kuchagua. Sauti ilikuwa moja tu, wimbo wa harusi na wimbo wa kilio vinatoka vilevile.

Mashine maalumu ya kukuza sauti hatukuwa nayo. Tulitumia redio kubwa ya zamani ya klabu ya wafanyakazi. Niliufungua mgongo wake nikaingiza sauti ya gitaa kwenye njia ya santuri, na ikawa inasikika mpaka nyumba za wazungu.

Sasa, kwetu Usukumani mashindano ya ngoma hayana mwamuzi anayekaa mezani na kalamu. Makundi mawili yanasimama ncha mbili za uwanja mmoja, yanapiga kwa wakati mmoja, na watazamaji wanakwenda wanakopenda. Jua likianza kushuka, kundi lenye watu wengi limeshinda. Ndiyo maana kila kundi huwa na mganga wake na dawa yake ya kuvuta watu. Vijana wa magitaa walipotokea waliufuata mtindo huohuo, dawa na yote. Mwaka ule, baada ya mavuno, bendi yetu ya mgodini ilipangiwa kukutana na bendi ya Mwanza, na bendi ya Mwanza ilikuwa na tarumbeta.

Shemeji alinijia akiwa na wasiwasi. Aliniambia wale watu wana sauti tano na yeye ana moja, watazamaji watamchoka kabla ya wimbo wa tatu. Akaniuliza kama ninaweza kumwekea swichi ya kuchagua sumaku, atumie hii au ile, au zote. Nilimjibu kwamba hiyo ni kazi ya mtoto. Nitakuwekea njia nne, nikamwambia, hata huyo Mkongo hajawahi kuziona.

Nilipanda lori mpaka Shinyanga kumwona yule Mhindi, fundi wangu. Alinipekulia boksi la redio zilizokufa akanipa swichi ya mviringo, ile ya kubadilishia mawimbi, nzima kabisa, yenye vituo vinne. Kisha akaniuliza gitaa lenyewe tunaliunga kwenye mashine ya namna gani. Hapo nilijua anachouliza. Redio yetu ya klabu ilikuwa ya aina ambayo fremu yake ya chuma imeungwa moja kwa moja na waya mmoja wa umeme unaotoka ukutani. Plagi ikiingia upande mmoja, fremu imelala, unaweza kuishika. Ukiigeuza plagi, fremu yote inakuwa na umeme, na redio inaimba vilevile kama kawaida. Mwezi wangu wa kwanza dukani mzee yule alinionyesha vitufe vya redio hizo, jinsi waliozitengeneza walivyoziba skrubu kwa nta ili kidole cha mtu kisiguse hata kichwa cha skrubu. Alinikataza nisije nikatoa waya kwenye fremu ya namna hiyo na kuupeleka mahali mkono wa mtu unapofika. Alinikataza mara nyingi, mpaka nikamchoka.

Nikamwambia tumenunua mashine mpya. Sijui hasa kwa nini nilidanganya. Nadhani nilikuwa nimeshamweleza jinsi nilivyo mkubwa kule mgodini, na redio ile kuukuu isingelingana na maelezo. Akanipa mkono, akasema vizuri.

Kazi yenyewe niliifurahia, siwezi kukana. Nililaza gitaa kwenye blanketi, nikatoboa tundu dogo chini ya nyuzi, nikaikaza swichi kwenye kibati, nikaunga nyaya moja moja kwa lehemu. Kituo cha kwanza, sumaku ya shingoni peke yake. Cha pili, ya darajani peke yake. Cha tatu, zote mbili, kila moja ikijitegemea. Cha nne ndicho kilichokuwa fahari yangu. Zote mbili zilifuatana, sauti ya moja ikipitia ndani ya nyingine, na gitaa likatoka na nguvu ambayo hatukuwahi kuisikia. Shemeji alizungusha kitufe kutoka cha kwanza mpaka cha nne akipiga mlio uleule, akacheka peke yake kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Lakini lilivuma. Kwenye kituo cha nne lilikuwa na uvumi mnene nyuma ya muziki, mbaya, wa kukera. Nikagundua kwamba mtu akigusa kile kibati cha swichi uvumi unanyamaza. Basi nikafikiri, kwa nini nyuzi zenyewe zisiungwe na kibati? Mpigaji kila akishika nyuzi anauzima uvumi kwa mikono yake mwenyewe. Nikakata kipande cha waya, ncha moja kwenye daraja, ncha nyingine kwenye kibati, na kibati kilikuwa kimeshaungwa na fremu ya redio kupitia waya wa gitaa. Uvumi ukafa. Siku ile plagi ilikuwa imechomekwa upande wa salama, na furaha ilinizidi, na maonyo ya mzee wa Shinyanga hayakunijia hata kidogo. Kwa siku tatu wafanyakazi walipita chumbani kwetu kusikia, na mimi niliwaeleza kila mmoja habari za kile kipande cha waya.

Wiki ile shemeji alikwenda kwa mganga wa bendi, mzee aliyekaa mwendo wa saa mbili kutoka kambini. Alirudi amechanjwa chale kwenye viganja na katikati ya vidole, zimepakwa unga mweusi. Sikumsema. Mimi ni Mkristo wa kusoma, lakini ngoma za kwetu ninazijua, na mpigaji asiye na dawa anaingia uwanjani ameshashindwa moyoni.

Jumanne tulikuwa klabuni kwa mazoezi, wapigaji wote wanne na watu wengine wa kusikiliza. Shemeji alikuwa amevaa katambuga zake za mpira wa gari, kama sote. Alipiga nyimbo mbili, kisha akanyamaza akaviangalia vidole vyake, uso umefurahi.

“Imeingia,” akasema. “Naisikia inatembea, mpaka kwenye viwiko.”

Wenzake wakampigia makofi. Mimi sikupiga. Nilingoja mpaka wametoka kwenda kula, nikazigusa nyuzi kwa mgongo wa mkono huku nimeshika bomba la maji lililopita ukutani, na mkono ukarushwa nusura ugonge dirisha. Mfagiaji alikuwa ameitoa plagi ili kufagia, akairudisha kinyume. Kilichomwokoa shemeji zilikuwa zile katambuga na sakafu kavu. Nikaigeuza plagi, nikajaribu tena, kimya. Nikachukua tupa nikakwangua alama upande mmoja wa plagi, nikajiambia kwamba alama ikikaa juu hakuna atakayeumia, na nitahakikisha inakaa juu.

Ningeweza kumwambia palepale, kwenye chakula. Ningeweza pia kuukata ule waya kwa koleo, kazi isiyochukua dakika moja, uvumi urudi, tuuvumilie. Sikufanya lolote kati ya hayo, na sababu ni kiburi, hakuna neno jingine. Kambini kwetu mtu aliyekosea kazi yake hakusahauliwa. Mpishi mmoja aliwahi kutia chumvi kwenye chai ya watu mia, na mpaka mkataba wake unakwisha alikuwa akisalimiwa kwa kuulizwa habari za chumvi. Niliwaona tayari wakinisalimia mimi kwa kutikisa vidole. Na shemeji, kwa mzaha wake, angekuwa wa kwanza.

Alhamisi hali yake ilikuwa mbaya. Alipiga kama mtu anayesukuma toroli mlimani, na alipomaliza aliliegemeza gitaa ukutani akatoka bila kusema. Nilimkuta nje amekaa kwenye gogo. Aliniambia dawa imemtoka. Haisikii tena, vidole vimekuwa vya kawaida, na Jumapili ni mtondo. Nilijaribu kumwambia kwamba anapiga vizuri hata bila dawa, nikajisikia mjinga. Alfajiri ya Ijumaa aliomba ruhusa kazini akarudi kwa mganga.

Mganga alimwambia kwamba kuna kitu kinaizuia dawa isishike ardhi. Akampa mwiko. Tangu siku hiyo mpaka mashindano yaishe, asivae chochote miguuni. Shemeji alinieleza hayo huku akitundika katambuga zake kwenye msumari wa chumba chetu, na mimi nilikuwa nimekaa kitandani nikitazama nyayo zake kwenye saruji. Nilifungua mdomo. Kisha akaja mpiga ngoma wa bendi kumwita, akatoka, na mimi nikaufunga mdomo wangu nikamshukuru Mungu kwa mpiga ngoma. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Nilikuwa na mpango, bila shaka. Kuna kidude kidogo, kapasita, ambacho ukikitia katikati ya waya ule kinazuia umeme wa kuua na bado uvumi unakaa chini. Kilikuwa Shinyanga, kwa mzee. Nilijiambia nitakwenda Jumatatu, baada ya mashindano, nitakitia kimyakimya na hakuna atakayejua. Siku mbili tu, alama ikae juu.

Ijumaa hiyohiyo jioni, kabla ya mazoezi, nilimkuta shemeji amechuchumaa mbele ya redio, gitaa liko kwenye meza, na kidole chake kimoja kinagusa uzi mmoja na kuondoka, kinagusa na kuondoka, kama mtu anayejaribu joto la uji. Chini yake palikuwa na mkeka mkavu. Plagi ilikuwa imegeuzwa.

“Shemeji, nimeijua,” akasema. “Dawa ina upande. Ukichomeka hivi inalala. Ukigeuza inaamka.”

Nikaikimbilia plagi nikaichomoa. Nilimwambia kwa ukali asiiguse tena, aiache ilivyo, alama juu.

“Kwa nini?”

“Itaunguza mashine.”

Alinitazama usoni. Hakuwa mpumbavu, mtu yule. Miaka saba alitoboa mawe akiwa na baruti pembeni, alijua jinsi mtu anavyoongea akiwa anaogopa.

“Mashine tu?”

“Mashine tu,” nikasema.

Akaniambia wabeja, yaani asante, kwa kumlindia mashine, na kwamba hataigusa. Alisema kwa upole. Nadhani aliona nimeionea dawa yake aibu, mimi mtu wa kanisani, na hakutaka kunisumbua.

Jumapili upepo ulivuma tangu asubuhi na vumbi la kiangazi lilikuwa jingi. Kama ilivyo desturi, walinyunyiza maji uwanjani ili wachezaji wasitimue vumbi. Pipa moja lilivuja upande wetu, na pale bendi yetu iliposimama palikuwa pametota, udongo mweusi unanasa. Nilikuwa nimevuta waya kutoka nyumba ya injini mpaka hapo. Nilichomeka plagi mimi mwenyewe, alama juu, nikavuta kigoda nikakaa kando yake, koleo mfukoni. Shemeji alikuja pekupeku, amevaa shati jeupe alilofuliwa na dada likizo iliyopita, miguu yake imezama kwenye tope mpaka kwenye vifundo. Nilizigusa nyuzi zake kwa mgongo wa mkono kabla hajaanza. Kimya. Nikamwambia apige.

Kwa saa nzima mambo yalikwenda sawasawa. Tarumbeta za Mwanza zilikuwa na nguvu, na watu walikuwa wakienda na kurudi, nusu huku, nusu kule. Shemeji alizungusha kitufe katikati ya nyimbo, sauti nene ikageuka kali, na kila alipofanya hivyo kundi la watu liligeuza shingo. Mama mmoja aliyekuwa akicheza na mtoto mgongoni alisimama kabisa kusikiliza. Nilikuwa nikihesabu shingo zile kama mtu anayehesabu mabao.

Kisha nikataka kusikia kazi yangu kwa mbali. Nimejaribu mara nyingi kutafuta sababu nyingine, na haipo. Hakuna aliyeniita na injini haikuleta tatizo lolote. Nilitaka kusimama kati ya watu wa Mwanza, nisikie gitaa nililoliwekea njia nne likivuka uwanja na kuwafikia, nione nyuso zao. Niliangalia plagi, alama juu. Nikainuka nikaenda.

Nilifika upande wa pili wakati wimbo unakaribia mwisho, na hapo shemeji akazungusha mpaka kituo cha nne. Lo, ilikuwa sauti. Ilipita juu ya tarumbeta na kuwakuta watu wamewapa mgongo, na waligeuka. Mpiga tarumbeta wao alishusha mkono kidogo akatazama. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake, nimevimba kwa furaha. Wimbo ukaisha. Watu walishaanza kuhama, lakini si wote, na wa Mwanza wakaanzisha wimbo mwingine wa haraka, na wengine wakarudi.

Yaliyotokea kwetu kwa wakati huo nilielezwa baadaye na mpiga ngoma. Shemeji aliona watu wakirudi. Alivua gitaa akaliweka kwenye kigoda changu, akainama, akachomoa plagi, akaitazama, akaigeuza. Alisema maneno haya kwa mpiga ngoma: “Mashine ikiungua, nitamnunulia shemeji nyingine.” Akacheka. Kisha akalichukua gitaa kwa mikono miwili.

Mimi kule nilisikia uvumi. Wimbo haukuanza, ulikuja uvumi peke yake, mnene, ule niliokuwa nimeuua kwa waya wangu, na haukukatika. Nikaangalia ng'ambo. Shemeji alikuwa amesimama amenyooka, kichwa nyuma, gitaa kifuani, na mwili wote unatetemeka kwa haraka ya ajabu, na uwanja mzima ukadhani ni mtindo mpya.

Wakapiga vigelegele. Walikimbia, wote, wanawake kwa wanaume, wakawaacha watu wa Mwanza peke yao na tarumbeta mikononi. Sijawahi kuona uwanja ukihama namna ile, wala sijauona tena. Tulikuwa tumeshinda. Nami nilikuwa nyuma ya watu wote hao, nikipiga kelele wazime umeme, na hakuna aliyenisikia kwa shangwe. Niliwasukuma, niliwavuta nguo, nilimkanyaga mtu. Walinirudisha nyuma kwa viwiko wakidhani ninataka nafasi ya mbele. Nilipofika, shemeji alikuwa ameshaanguka na gitaa lake na watu wa mbele wameanza kunyamaza. Nikachomoa plagi. Alama ya tupa ilikuwa chini.

Msaidizi wa zahanati alikuja akasikiliza kifua, akasikiliza tena. Hapakuwa na kitu.

Tulimpeleka Ibadakuli kwa lori la mgodi, tukamzika huko. Mgodi uliandika kwamba ni ajali, basi, na hakuna aliyeniuliza neno, maana fundi aliyestahili kuulizwa angekuwa mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nikilia kuliko wote. Lakini pale msibani maneno yalikuwa mengine. Walisema mpiga tarumbeta wa Mwanza alionekana akishusha mkono na kumtazama marehemu muda mfupi kabla hajaanguka. Nilikuwepo, nilimwona akishusha mkono, na nilijua kwa nini. Siku ya tatu wazee wa ukoo walikubaliana kwenda kwa mpiga ramli ili amtaje aliyefanya, na vijana wawili tayari walikuwa wakiulizana nauli ya Mwanza. Nilikaa kati yao nikisikiliza na sikuweza kuinua uso.

Mchana huo dada aliniita ndani. Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, shati jeupe limekunjwa mapajani mwake. Macho yake yalikuwa makavu. Alisema mpiga ngoma amekuja kumpa pole, na katika maongezi amemtajia habari ya plagi, na ya mashine kuungua. Alisema hakuielewa vizuri, ndiyo maana ananiuliza mimi.

“Ulijua?”

“Nilijua tangu Jumanne,” nikasema.

Nikamweleza yote, kuanzia duka la Shinyanga. Nilimweleza waya, plagi, chale, mwiko wa viatu, na jinsi nilivyomjibu alipouliza kama ni mashine tu. Nje watoto wake walikuwa wakigombania kitu na mtu mmoja akawakemea. Aliniuliza swali moja, kwa nini sikumwambia, na nikamjibu kwamba niliogopa angenicheka mbele ya watu.

Alilikunja lile shati mara moja zaidi, akalisawazisha kwa kiganja.

“Angekucheka siku moja, mdogo wangu,” akasema. “Ya pili angekuwa ameshasahau.”

Kisha akainuka, akajifunga kanga yake vizuri, akatoka kwenda kuwaambia wazee wasimtafute mtu.